Barua ya wazi kwa Jaji Mkuu: Hii miezi sita imetoka wapi?

Mheshimiwa Jaji Mkuu,
Mahakama ya Tanzania,
Dodoma.

YAH: SABABU ZA ADHABU ZISOMWE MBELE YA ANAYEFUNGWA

Mheshimiwa, nakuandikia kutoka Mbagala, Dar es Salaam. Nilikuwa mshauri wa mahakama ya mwanzo, wale raia waliokaa na hakimu kusikiliza kesi, ambao watu wa rika langu bado wanatuita wazee wa baraza. Ombi langu ni moja: hakimu anapotamka adhabu, aseme na namna alivyoifikia. Aeleze ameanzia wapi, ameongeza kwa lipi na amepunguza kwa lipi, tena kwa Kiswahili, ndugu wa mshtakiwa wakisikia.

Silalamikii ukali. Wapo niliotamani wafungwe zaidi ya walivyofungwa. Katika mahakama ya mwanzo kikomo chetu kilikuwa miezi 12, na ndani ya miezi hiyo tulibishana kweli kweli, kwa sababu sheria ilitupa washauri kura hata kwenye adhabu. Huyu kamwibia mjane, yule kakiri siku ya kwanza, yule mwingine kawatisha mashahidi. Tatizo ni kwamba ubishi wote ule uliishia chemba. Nje ilitoka namba tupu.

Juzi juzi nilimsindikiza jirani yangu kwenye mahakama moja ya wilaya hapa mjini. Mwanawe, dereva wa bodaboda, alikuwa ametiwa hatiani kwa wizi wa simu. Hakimu akamuuliza kama ana lolote la kusema kabla ya adhabu. Kijana akatoa yale wanayofundishana mahabusu: “Naomba mahakama inihurumie, nina watoto wawili wananitegemea na mama yangu ni mgonjwa.” Mama mwenyewe alikuwa benchi la pili, mzima kabisa, akainamisha kichwa. Mwendesha mashtaka akasimama: mshtakiwa hana kumbukumbu za makosa ya nyuma, ila tunaomba adhabu kali iwe fundisho kwa wengine wenye tabia kama hiyo. Hakimu akasema mahakama imezingatia maelezo ya pande zote, miezi sita jela. Ikaitwa kesi inayofuata.

Kijana hakusema kwamba simu ilirudi kwa mwenyewe siku ileile. Hakusema kwamba ameshasota mahabusu miezi mingi kwa kukosa wadhamini. Hayo ndiyo yenye uzito, na hakuna aliyemwambia. Kifungo kwa kawaida huanza kuhesabiwa siku adhabu inapotamkwa, kwa hiyo siku za mahabusu hazijipunguzi zenyewe. Ni juu ya hakimu kuzitazama. Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi kwamba muda huo uzingatiwe, sawa na kukiri kosa mapema na kuwa mkosaji wa mara ya kwanza. Je, kwa kijana huyu ulizingatiwa? Huenda ndiyo. Wizi wa kawaida unaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka saba, kwa hiyo miezi sita inaweza kuwa huruma kubwa. Lakini mama yake aliniuliza pale nje, karandinga likiwa linasubiri, “Mbona sita? Mbona siyo mitatu, mbona siyo mwaka?” Mimi niliyekaa kwenye kiti cha ushauri sikuwa na jibu. Adhabu isiyo na maelezo watu huichukulia kama bei ya samaki Feri: inategemea umefika saa ngapi na unamjua nani. Uvumi wa rushwa unaanzia hapo, hata pale ambapo hakimu amefanya kazi yake kwa haki tupu.

Na ukikata rufaa? Mahakama ya juu haigusi adhabu kwa sababu tu ingependa nyingine. Lazima ionekane imepita kiasi, au ni ndogo mno, au imefuata kanuni isiyo sahihi. Mfungwa ataonyeshaje kanuni isiyo sahihi wakati hakuna kanuni iliyotajwa?

Kwenye faini jambo hili linauma zaidi. “Laki tano au miezi sita jela” kwa mwenye ghorofa Mikocheni ni usumbufu wa asubuhi moja. Kwa machinga wa Kariakoo ni kifungo, maana hatazipata. Hakimu akilazimika kusema kwa nini laki tano, atalazimika pia kumuuliza mtu anaingiza shilingi ngapi kwa siku.

Kuna pia Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002. Inaruhusu aliyestahili kifungo kisichozidi miaka mitatu afanye kazi za umma bila malipo, akilala kwake. Siombi kila mwizi wa simu apewe fagio. Naomba hakimu anayechagua jela badala ya fagio aseme kwa nini.

Najua yako makosa ambayo hakimu hana pa kupumulia. Unyang'anyi wa kutumia silaha, kima cha chini ni miaka 30. Mauaji ya kukusudia, adhabu ni moja tu, kunyongwa, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha ilisema mwaka 2019 kwamba kumfunga jaji mikono namna hiyo kunavunja haki ya kuishi. Hilo ni la Bunge, silitupi kwako. Ila hata hapo, mtu aambiwe wazi kwamba sheria imeshapanga, asiachwe alie na kuwataja watoto wake kana kwamba machozi yatapunguza mwaka mmoja.

Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili lugha ya mahakama, na mwongozo wa kutoa adhabu Mahakama inao. Yafupishwe yale yanayoongeza na yanayopunguza adhabu, ukurasa mmoja, yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila mahakama ya Dar es Salaam na yasomwe mahabusu za Keko na Segerea. Kisha kila adhabu iambatane na sentensi nne au tano za sababu, na nakala apewe mfungwa siku hiyohiyo, kabla karandinga halijaondoka.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mshauri mstaafu wa mahakama ya mwanzo,
Mbagala, Dar es Salaam.

Nakala: Mkurugenzi wa Mashtaka