Mchoro unapobanduka, utazameni ukuta kwanza

Mhariri,

Mchoro wa ukutani ukianza kubanduka kabla ya mwaka, lawama humwendea mchoraji au muuza rangi. Mara nyingi wote wawili hawana kosa. Kosa lilikuwamo ukutani kabla kopo la kwanza halijafunguliwa. Naziandikia kamati za skuli, masheha na vikundi vya vijana wanaotaka kupamba mitaa yao, Unguja na Pemba, kwa sababu kila kikao huanza na "tuchore nini?" na hakuna anayeuliza ukuta wenyewe ni wa aina gani.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Ukuta huo mnene hunyonya maji ya ardhini na ya mvua, kisha huyatoa taratibu kupitia lipu yake ya chokaa. Ukiupaka rangi ya plastiki umeuziba pumzi. Maji yanapotafuta njia ya kutoka hubeba chumvi, chumvi inaganda nyuma ya rangi, inavimba, na rangi inaanguka vipande vipande pamoja na lipu. Kuufunika kwa lipu ya saruji ni kubaya zaidi, maana nje utauona mzima huku ndani unamomonyoka.

Kuujua ukuta si kazi ya mhandisi. Ukwaruzeni kwa msumari mahali pasipoonekana. Ukitoa unga mweupe bila kubisha, ni chokaa. Ukibisha na kuacha alama ya kijivu, ni saruji. Kisha bandikeni kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, mzibe pande zote nne kwa utepe, mkiache mpaka kesho yake. Mkikuta matone upande wa ndani, msichore. Tafuteni maji yanakotoka: mfereji wa paa uliotoboka, bomba linalovuja, au kifusi kilichorundikwa mpaka kikapita msingi. Hilo la kifusi ndilo husahauliwa sana.

Ukuta wa chokaa hupakwa chokaa. Iwe imemwagiwa maji na kuachwa pipani angalau miezi 3, ichujwe, izimuliwe mpaka iwe kama maziwa. Rangi zinazoistahimili ni za udongo na za oksidi za chuma, kama ngeu (nyekundu ya udongo), manjano ya udongo na nyeusi, na zisizidi sehemu 1 kwa 10 ya uzito wa chokaa; zikizidi, mpita njia akiegemea ataondoka na ukuta kwenye kanzu yake. Ulowesheni ukuta kwanza, mpake nyembamba, msubiri siku moja, mrudie mara 4 au 5. Mkono mzito huleta nyufa. Jua la saa saba huikausha haraka ikawa vumbi, kwa hiyo fuateni kivuli. Vaeni miwani na glavu, kwani chokaa mbichi huunguza macho. Ni kweli kwa njia hii hamtapata waridi linalomeremeta, na kwa maoni yangu Mji Mkongwe haulihitaji.

Tena Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na sura ya nje ya nyumba haibadilishwi bila ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe. Nyumba ikiwa ya wakfu, pitieni pia Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Anayetaka rangi kali na achore juu ya ubao, autundike ukiwa umeachana na ukuta kama sentimita 3 ili hewa ipite. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alichora juu ya hadibodi, zile mbao nyembamba za kiwandani, kwa rangi za kung'aa za mafuta, zile za kupakia baiskeli. Wanaoiga mtindo wake juu ya ukuta wa mawe wanasahau kwamba rangi ile haikupakwa juu ya kitu chenye unyevu.

Kuta za matofali ya saruji, za Ng'ambo, Chake Chake au skuli mpya, ni nyepesi kushughulika nazo, ila watu huzifanyia haraka. Lipu mpya imwagiwe maji siku 7 na ikae siku 28. Kabla ya hapo bado ni kali, na rangi ya mafuta juu yake hugeuka utelezi kama sabuni. Ioshwe, ipigwe msasa, ipakwe praima ya kuhimili ukali wa saruji, kisha akriliki ya nje mikono miwili. Ukuta wa mita 6 kwa 4 ni mita za mraba 24. Lita moja kwenye lipu ya kukwaruza hufika mita za mraba 8 hivi, basi ni lita 3 kila mkono, lita 9 kwa jumla pamoja na praima. Nyekundu na manjano za bei rahisi hupauka mwanzo. Ulizieni zenye oksidi.

Kuhamisha mchoro, karatasi ya sentimita 30 kwa 20 igawanywe viboksi vya sentimita 2, na ukuta ule wa mita 6 kwa 4 ugawanywe vya sentimita 40. Vitalingana 15 kwa 10. Pigeni mistari kwa timazi na uzi wa ngeu kama maseremala. Kalamu ya wino mzito msiiguse, kwa sababu wino wake hupenya na kutokeza juu ya rangi. Sentimita 30 za chini zipakwe rangi moja ya giza, maana ndipo matope ya masika yanaporukia. Mkitaka maneno, yawe mafupi kama jina la kanga, na kila mita 3 za umbali wa msomaji ziongezeeni herufi sentimita 2.5 za urefu. Wakati mzuri ni Juni hadi Septemba, masika yakishapita na vuli hazijafika.

Sanamu ni shauri jingine. Wakazi wengi hawaridhii umbo la mtu kusimamishwa njiani, na mtaa uulizwe kabla ya fundi. Nakshi za milango yetu, samaki, minyororo na maua, zinatosha kwa miaka mingi. Kumbukumbu ya watumwa iliyopo Mkunazini, iliyotengenezwa na Clara Sörnäs wa Sweden mwaka 1998, imo ndani ya uwanja wa kanisa, ina mwenyewe wa kuiangalia kila siku. Sanamu ya njia panda haina. Ikiwa ya zege, msitumie mchanga wa pwani, na nondo zifunikwe kwa sentimita 5 kamili. Chumvi ikizifikia hushika kutu, hutanuka na kulipasua zege. Ya mbao iinuliwe juu ya jiwe sentimita 15, mchwa wasiifikie kwa urahisi.

Hakuna nahodha anayetegemea shahamu ya mwaka jana, yale mafuta mazito ya kupakia tumbo la chombo. Chombo hupwelewa kikapakwa upya. Lakini bajeti za michoro huishia siku ya kukata utepe. Tengeni sehemu 1 ya 10 ya fedha kwa ajili ya mwaka wa pili. Na kila rangi iliyotumika, nusu lita ibaki kwenye kopo lililozibwa, namba yake ikwaruzwe kwa msumari juu ya kifuniko kwa sababu karatasi za makopo huoza, na kopo likae kwa sheha au kwa mwalimu mkuu, si nyumbani kwa mchoraji.

Fundi lipu na rangi,
Ng'ambo, Unguja