Kabla ya kumtaja Mangungo, someni karatasi yenyewe

Ndugu Mhariri,

Kila unapozuka mjadala wa mkataba wa madini, gesi au bandari, hakosekani mtu wa kusema "tusiwe kama Chifu Mangungo". Kauli hiyo imezoeleka hadi kwenye kurasa za magazeti, na maana yake ni kwamba mzee wa Msovero, katika nchi ya Usagara, aliigawa nchi kwa ujinga wa kutojua kusoma. Karatasi ya tarehe 29 Novemba 1884, yaani mkataba kati yake na Mjerumani Carl Peters, inasema mengi zaidi ya hayo, na baadhi yake yanamgeukia mwenyewe aliyeiandika.

Karatasi ile ni ya Kijerumani. Carl Peters alifika Unguja mwanzoni mwa Novemba 1884, na kabla mwezi haujaisha alikuwa Usagara akikabidhiwa nchi. Mgeni wa wiki tatu hana namna ya kuhakiki kama mkalimani amefikisha maneno yake au ameyapunguza. Mkalimani anatajwa kwa jina, Ramazan, na mkataba unadai kwamba alimweleza Mangungo kwa uwazi. Hapo ndipo pa kusimama. Sentensi hiyo imeandikwa na upande ulionufaika, kwa lugha ya upande huo. Hainukuu hata neno moja alilotamka Ramazan, wala haisemi alitumia lugha gani. Hayo ni madai, si ushahidi wa tafsiri.

Tazameni pia kilichotakiwa kutafsiriwa. Mkataba unaanza na urafiki wa milele kati ya wawili hao. Kisha unatoa eneo lote la Msovero, na haki zake zote za kiraia na za umma, litumiwe na Wajerumani peke yao kwa ajili ya ukoloni. Urafiki hauna shida. Desturi ya kuchanjiana, yaani kufanya udugu wa damu, ilijulikana na kila mtu aliielewa. Lakini haki za umma za eneo kumilikishwa chama cha watu binafsi kilichoko Berlin, ambacho Peters alikiwakilisha, ni jambo la sheria za Ulaya, na halifikishwi kwa sentensi moja kupitia mkalimani mwenye haraka. Kwa maoni yetu, sehemu ya kwanza ilifika na ya pili haikufika.

Kuna vifungu viwili ambavyo wanaomlaumu Mangungo hawavitaji kabisa. Kimoja kinasema Peters anapokea eneo bila kugusa haki za ukuu za Mwinyi Sagara. Yaani karatasi ileile inayotoa "haki zote" inakiri kwamba juu ya Mangungo kuna mwingine. Cha pili ni cha ajabu zaidi: eti Mangungo, alipoulizwa, alijibu kwamba hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar, na tena hajui hata kama yupo. Hayo yasemwe Usagara, nchi iliyopitiwa na misafara ya pembe kutoka pwani! Sentensi hiyo haikuandikwa kwa ajili ya watu wa Msovero. Iliandikwa isomwe Berlin, kwa sababu Sultani huyo, Sayyid Barghash, alidai bara ni mali yake. Hati ya ulinzi ya Kaisari wa Ujerumani, iliyoziweka nchi za mikataba ya Peters chini ya himaya yake, ilitoka tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa. Barghash alipopinga, manowari za Kijerumani zilikuja kutia nanga mbele ya Unguja mwezi Agosti, naye akanyamaza.

Linganisheni na Ethiopia. Mkataba wa Wuchale wa 1889 uliandikwa kwa Kitaliano na Kiamhari, na zote mbili zilikubaliwa kuwa nakala rasmi. Kifungu cha 17 kwa Kiamhari kilisema Mfalme Menelik wa Ethiopia anaweza kuitumia serikali ya Italia katika mambo yake na mataifa mengine. Kwa Kitaliano, amekubali kuitumia, na Roma ikatangaza kwamba Ethiopia iko chini ya himaya yake. Menelik alikuwa na nakala ya lugha yake ya kuweka mezani. Mwaka 1893 aliukana mkataba, na tarehe 1 Machi 1896 mambo yakaamuliwa kwa vita huko Adwa, Waitaliano wakashindwa. Mangungo hakuwa na karatasi ya pili ya kubishania.

Waingereza walijifunza kuziba tundu hilo. Mkataba wa Buganda wa 1900 una kifungu kinachosema maandishi ya Kiingereza ndiyo yatakayofuatwa katika kuufasiri. Kwa sentensi moja hiyo, ubishi wowote wa Kiganda ulikuwa umeshindwa kabla ya kuanza.

Kwa hiyo, Mhariri, waandishi wenu wanaponukuu mkataba au tangazo la enzi hizo, waanze kwa kutaja liliandikwa kwa lugha gani kwanza, kisha watafute kama kuna kifungu cha lugha inayotawala. Mara nyingi hukaa mwishoni, na wengi hawafiki huko. Waseme nani alitafsiri na alilipwa na nani. Waangalie pia njia iliyopitiwa na Kiswahili wanachokinukuu: kikitoka Kijerumani kwenda Kiingereza ndipo kije kwetu, maneno hubadilika njiani. Karatasi ya Msovero inamwita Mangungo "Sultani"; sisi tumemfanya "Chifu", neno tulilolizoea chini ya Mwingereza. Mkiichapa tena, tunaomba msikate kifungu cha Mwinyi Sagara wala mstari wa Ramazan.

Wasomaji wenu,
Morogoro