Kadzo, kaangalie kwa chini

Dada yangu Kadzo,

Hujambo na baridi ya huko? Huku wote wazima ila mvua imechelewa, mahindi yamejikunja. Hawe, nyanya yetu, anakusalimu, anasema ule ushibe. Najua nimekaa miezi mitatu bila kujibu, unisamehe. Leo sikuweza kulala kwa sababu ya ile picha ya nguzo uliyonitumia kutoka makumbusho ya huko Marekani.

Nimeitazama mpaka simu ikazima. Kadzo, ile si "nguzo ya mapambo" kama walivyoandika. Ni kigango, nguzo ya ukumbusho wa marehemu wetu sisi Wamijikenda. Tazama zile pembetatu zilizochongwa kifuani, tazama kichwa cha duara. Huyo alikuwa mzee wa Gohu, kile chama cha wazee, watu wake wakachinja na kumwaga tembo la mnazi ndipo akasimamishwa. Kigango hakihamishwi. Hata ukoo ukihama, chenyewe kinabaki pale pale, kizeeke na kioze kwa wakati wake, na mti wake wa mhuhu unavyojua ulivyo mgumu, mchwa wanahangaika nao miaka. Sasa wamekitia ndani ya kioo.

Unasema onyesho lenyewe linahusu uponyaji na utunzaji wa ardhi, na kwamba wenyeji asilia wa huko wameandika wenyewe habari za mito yao na dawa zao. Nimefurahi kwa hilo, kweli kabisa. Wenzetu wale wana sheria ya Marekani ya 1990 ya kurudishiwa mifupa ya wazee wao na vitu vyao vitakatifu. Sheria hiyo haitufikii sisi. Kwa hiyo chumba ni kimoja, wao wana sauti, na mzee wetu amesimama kimya hana hata jina.

Unakumbuka kule nyuma kwa baba mkubwa, tulipokuwa tukikatazwa kuokota hata kuni? Vigango vyetu viwili vya pale vilikatwa kwa msumeno usiku, mimi na wewe hatujazaliwa. Visiki vimo ardhini hadi leo, nilikwenda juzi nikavishika. Baba mkubwa husema ugonjwa wa shangazi na ukame wa miaka ile vilianzia hapo. Mimi naona na jambo jingine kwa macho yangu: tangu wazee waondolewe, watu hawana haya tena na mahali pale. Miti ya mikone imekatwa, tanuri la makaa liko hatua chache tu. Msitu wa kaya, ule mtakatifu wa wazee wetu, je? Kaya kadhaa zimo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2008, lakini iliyozilinda ni ile miiko ya wazee, na kigango ni mwiko uliosimama.

Usiniambie haiwezekani. Kuna vile vigango viwili vilivyoibwa 1985 kwa mzee mmoja, vikaonekana Marekani, kimoja Illinois na kimoja Virginia. Kilichovitambulisha ni picha: Monica Udvardy, mtafiti wa Marekani, alikuwa amempiga mzee huyo picha amesimama kando ya vigango hivyo kabla havijaibwa. Vikarudi 2007, mzee keshafariki. Na makumbusho ya Denver yalirudisha vigango 30, vikafika Nairobi 2019.

Sisi picha hatuna. Lakini kisiki tunacho. Ndiyo maana nakuomba urudi pale ukaangalie kwa chini, kwenye mguu wake. Kama kimekatwa kwa msumeno, mbao ile na kisiki hiki vinaweza kulinganishwa. Huenda si chetu, najua. Basi kitakuwa cha mtu mwingine wa huku ambaye naye ana kisiki chake.

Baba yetu sijamwambia. Moyo wake si mzima, na nikimwambia kisha ikawa sivyo, sijui nitamtazama vipi.

Sasa nijibu haya. Mguu unaonekana, au wameufunika? Nyuma kuna namba au jina la aliyewauzia? Wameandika kilifika kwao mwaka gani? Kina urefu gani, kinakupita au kiko sawa na bega lako? Kuna mtu wa pale anayesikiliza, ambaye naweza kumwandikia barua ya heshima? Na wewe uliposimama mbele yake, ulisema naye chochote?

Jibu kabla ya Jumapili, wajomba wanakutana kwetu.

Nduguyo,
Karisa