Mpiga besi naye ana jina

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka 12 bila kukuandikia hata mstari mmoja. Makala ya Jumamosi iliyopita kuhusu Freddie Mercury, yule mtoto wa Zanzibar aliyezaliwa mwaka 1946, imenishinda kuinyamazia. Mwandishi kamtaja mpiga gitaa, kamtaja mpiga drams, halafu kaandika "na wenzake". Queen, bendi ya Freddie, ilikuwa ya watu wanne. Ukishawatoa hao watatu, "wenzake" anabaki mtu mmoja, na mtu huyo anaitwa John Deacon, mpiga besi, yaani gitaa la sauti nzito za chini. Hata kwenye picha mmemkata. Limebaki bega lake na kichwa cha gitaa chenye funguo nne.

Deacon alizaliwa Leicester, Uingereza, mwaka 1951. Aliingia Queen mwanzoni mwa 1971 akiwa na miaka 19, wa mwisho kati ya wale wanne, baada ya bendi kupitiwa na wapiga besi kadhaa ambao hawakudumu. Alikuwa akisomea elektroniki chuoni London. Wimbo "Another One Bites the Dust" wa mwaka 1980, ambao makala yenu imeuhesabu kuwa utunzi wa Freddie, aliutunga yeye. Queen walishika namba 1 Marekani kwa nyimbo mbili tu, na huo ni mmojawapo. Usikilizeni tena. Kinachoingia mwilini kwanza ni zile noti nzito za chini, zinagonga, zinanyamaza, zinarudi. Kule kunyamaza nako kunapigwa: kiganja na vidole vinaulaza uzi usiendelee kulia, na kwa anayejifunza hapo ndipo penye kazi kuliko kugonga kwenyewe.

Mtu huyohuyo aliokota bodi ya amplifaya kwenye takataka mtaani London, akaifunga ndani ya kiboksi cha spika ya kuweka rafuni, akaiendesha kwa betri ya volti 9. Haikuwa hata na kitufe cha kupandisha sauti. Brian May, mpiga gitaa wa Queen, alikitumia kidude hicho studio kupanga magitaa juu ya magitaa mpaka yakasikika kama tarumbeta. Fundi redio yeyote wa hapa sokoni angeielewa kazi hiyo mara moja, na angeipenda. Deacon aliacha muziki mwaka 1997, na tangu hapo hajitokezi. Basi asiyejitangaza mwenyewe si ndiye wa kutajwa na mwandishi?

Nimekasirika kwa sababu mlichokifanya gazetini ndicho kinachofanyika ukumbini. Mwezi uliopita, kwenye harusi moja hapa mjini, fundi mitambo alichukua waya wa besi, zaidi ya mita 10, akauchomeka moja kwa moja kwenye tundu la laini la mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Spika zilikuwa mbili za inchi 12, juu ya stendi, basi. Besi ikatoka imefifia kama inapigiwa chumba cha pili. Akapandisha kitufe cha besi mpaka mwisho. Spika moja ikaanza kukoroma. Akaogopa kuunguza koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya spika, akamshusha mpiga besi mpaka sifuri, na akamwacha hapo hadi saa 8 usiku. Yule bwana alipiga nyimbo zote, jasho linamtoka, na hakuna aliyemsikia. Wageni walikuwa wakisema bendi inapwaya, waimbaji wamechoka. Waimbaji hawakuwa na kosa lolote! Uzi mnene wa besi, ule wa E, unatikisika mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo ya juu ya stendi haiwezi kuitoa sauti hiyo kwa nguvu. Ukiilazimisha, koni inakwenda mbele na nyuma kupita kiasi, koili inakwaruza, mwisho inaungua. Panatakiwa spika ya besi ya inchi 15 au 18, iwekwe chini sakafuni. Na kule kufifia kulitokana na tundu: pikapu ya besi (kile kinasa mtikisiko wa nyuzi) isiyo na betri inataka kuingia kwenye tundu lenye ukinzani mkubwa, kama omu milioni 1, wakati tundu la laini la mikisa huwa na omu elfu 10 au 20 tu, kwa hiyo sauti inamezwa kabla haijafika popote. Dawa yake ni kisanduku kidogo cha DI, kinachokaa kati ya gitaa na mikisa. Waya wa besi unaingia humo ukiwa mfupi, usizidi mita 6, kisha kutoka hapo unatumia waya wa maikrofoni mpaka kwenye mikisa hata kama iko mwisho wa ukumbi. Kikinguruma ule mngurumo wa umeme, bonyeza kitufe cha kukata ethi (njia ya umeme kwenda ardhini) kilichopo kwenye kisanduku, na chomeka amplifaya na mikisa kwenye soketi zilizo upande mmoja. Msing'oe pini ya ethi kwenye plagi. Nawaomba sana. Mpiga besi ameshika nyuzi za chuma, mdomo wake uko kwenye maikrofoni. Hitilafu ikitokea, umeme utapita mwilini mwake.

Halafu kuna hili la vinanda. Msimu wa korosho ukifika, shughuli zinafuatana kuanzia Newala na Masasi mpaka huku pwani, na kila mwenye shughuli akitaka kupunguza gharama, wa kwanza kuondolewa ni mpiga besi. Anaambiwa mkono wa kushoto wa kinanda utatosha. Hautoshi. Besi ya kinanda iliyopangwa tayari haimsikilizi mpiga drams. Mguu wa drams ukichelewa nukta moja, mpiga besi anachelewa nao, na kucheza kwa watu kunatoka hapo. Kinanda kinaendelea na safari yake. Na bendi inayombakiza mpiga besi inamlipa mwisho, kama mbeba vyombo, ndiyo maana kila kijana anayeshika gitaa Mtwara anataka kupiga solo. Wazee wa dansi wakiondoka, sijui Lindi na Mtwara zitampata wapi wa kushika uzi wa chini.

Gitaa lenyewe linateseka na hewa yetu ya chumvi. Nyuzi zisipofutwa kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, haziishi mwezi bila kutu. Seti mpya ni ghali, kwa hiyo wengi huzichemsha kama dakika 10 ili uchafu utoke, na hilo linafaa, mradi zikaushwe kabisa kabla ya kurudishwa. Nyuzi nne kwa pamoja zinavuta shingo ya gitaa kwa nguvu ya kilo 70 na ushei. Masika yakiingia mbao inahama. Ukibana uzi kwenye freti (vile vyuma vilivyopangwa kukatisha shingo) ya kwanza na ya mwisho, nafasi inayobaki katikati, kwenye freti ya saba, iwe kama unene wa kadi ya mwaliko. Ikizidi, kaza chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko, ngoja mpaka kesho, ndipo upime tena. Nimeona shingo zilizopasuka kwa fundi mwenye haraka.

Ombi langu. Jumamosi ijayo ichapisheni tena picha ile, ukurasa uleule, wakiwa wote wanne, na chini yake majina manne na chombo cha kila mmoja. Wimbo wa Deacon mrudishieni Deacon. Na kuanzia sasa, mwandishi wenu akitumwa kwenye dansi, iwe Mikindani, Lindi mjini au Nachingwea, asiondoke ukumbini kabla hajalitafuta gitaa lenye nyuzi nene, nne au tano, akamuuliza aliyelishika jina lake kamili, na akaliandika kwa herufi zilezile alizomwandikia mwimbaji.

Msomaji wenu,
Shangani, Mtwara