Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI: kuhusu kinachofukiwa ardhini

Mheshimiwa Waziri, mbukwenyi.

Ninakuandikia kutoka Ihumwa, jirani kabisa na ofisi yako ya Mtumba. Ningeweza kuja kupanga foleni mapokezi, lakini jambo lenyewe, yaani misingi ya madarasa tunayojenga kwa fedha za umma, linawahusu pia wakurugenzi wa halmashauri, wahandisi wao na walimu wakuu. Nimeona bora mlisome wote kwa pamoja.

Mimi ni mstaafu wa usimamizi wa miradi ya ujenzi. Niliingia kazini nikiwa kijana mwenye cheti cha fundi sanifu (FTC) kutoka Chuo cha Ufundi Dar es Salaam, ambacho leo ni DIT, wakati Dodoma bado iko mikononi mwa CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na sehemu kubwa ya mji iko kwenye michoro tu. Nimetoka kazini Dodoma ni jiji, treni ya SGR inafika, na malori ya zege yanapishana usiku na mchana kwenye barabara ya Dar. Aliyeziona zama zote mbili anaruhusiwa kujivuna kidogo.

Nianze na shukrani, maana mtu aliyelea watoto wake kwa fedha za umma akianza na lawama atakuwa amekosa adabu. Nawashukuru wakadiriaji majenzi walionizoesha kusoma mkataba hadi ukurasa wa mwisho. Nawashukuru mama lishe waliotukopesha wali maharage wakati hati ya malipo imelala miezi kwenye meza ya mtu. Mafundi wangetukimbia saiti kama si wao. Kwenye hotuba za uzinduzi sijawahi kusikia wakitajwa.

Lakini deni langu kubwa ni kwa fomani mmoja wa Mvumi, marehemu sasa, ambaye shule aliiacha mapema. Mimi nilikuja na vitabu, yeye alikuwa na chupa tupu ya soda. Mchanga ukishushwa kutoka korongoni, anautia kwenye chupa hadi nusu, anaongeza maji, anatikisa, anaiweka kivulini. Baada ya saa kadhaa mchanga umetulia chini na tope limejitenga juu yake. Tabaka la tope likiwa nene, lori linageuzwa. Dereva apige kelele, bosi apige simu, lori litageuzwa tu.

Siku ya kumwaga zege hakusimama kwenye mtambo wa kuchanganyia. Alikaa kwenye mapipa ya maji. Kibarua aliyechoka hupenda zege jepesi, linalojimwaga lenyewe, kwa hiyo anaongeza ndoo moja akijua hakuna atakayeona. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unataka maji lita 25 hadi 30 hivi, na mchanga ukiwa mbichi yanapungua tena. Yanayozidi hapo hukauka baadaye, yanaacha vitundu ndani na zege linapoteza nguvu. Kwa macho hulitambui. Tena mara nyingi ndilo linalotoka na uso laini wa kupendeza.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu, Mheshimiwa. Uzima wa jengo huamuliwa katika siku chache za mwanzo, kwenye vitu vitakavyofukiwa: shimo la msingi, nondo, zege la kwanza. Wewe unaalikwa siku ya rangi na utepe.

Kwa hapa kwetu udongo wenyewe ni mtihani. Kwenye udongo mwekundu wa kichanga hakuna tabu kubwa. Lakini ingia mbugani, kwa mfano upande wa Bahi, ukutane na ule mweusi unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka, hadi mguu wa ng'ombe unanasa kwenye nyufa. Watu hudhani udongo huo ni tatizo la maghorofa. La. Anayeumia zaidi ni darasa la kawaida, kwa sababu ni jepesi na halina uzito wa kuukandamiza udongo unapoinuka. Dawa inajulikana: shusha msingi hadi pale unyevu usipobadilika, au ondoa udongo huo ujaze changarawe na kuishindilia, funga mkanda wa zege wenye nondo, kisha peleka maji ya paa mbali na ukuta. Karibu yote hayo yatafukiwa, na yote yanakula fedha na muda.

Muda ndio hatuna. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hivi hadi Aprili. Kwenye karatasi, basi, kuna miezi mitano mikavu ya kufanyia kazi ya ardhini. Nilichoshuhudia mara nyingi ni fedha kutua kwenye akaunti ya shule Oktoba au Novemba, zikifuatana na agizo la kukamilisha kabla shule hazijafunguliwa Januari. Msingi unachimbwa mbio, mvua ya kwanza inaukuta uko wazi, udongo umeshavimba, na tofali zinapangwa juu yake hivyo hivyo. Kiangazi kikifika udongo unashuka na ukuta unaufuata. Ufa huanzia kona ya dirisha, ukapanda mshazari. Niliwahi kuonyeshwa darasa la namna hiyo ambalo halijatimiza miaka miwili. Mwalimu mkuu alikuwa ameufunika ufa kwa ramani ya Afrika.

Usinielewe vibaya. Mwaka 2021, fedha za UVIKO-19 zilipoelekezwa kwenye madarasa 15,000, kila moja kwa shilingi milioni 20, nilifurahi, na watoto wakapata pa kukaa. Wala simo kwenye kundi la wanaoilaani fosi akaunti, yaani kujenga bila mkandarasi, shule ikinunua vifaa na kumlipa fundi yenyewe: fedha inabaki kijijini na fundi wa kijijini anapata kazi. Ila mkandarasi akiharibu, mshitiri, yaani mwenye mradi, ana fedha ya dhamana aliyoishikilia na muda wa uangalizi wa kumrudisha saiti. Kwa fundi wa kijiji huna hilo. Anayesimamia ni mwalimu mkuu na kamati ya wazazi, watu waaminifu ambao hakuna aliyewafundisha habari za nondo. Mhandisi wa halmashauri ana kata nyingi na gari lisilo na mafuta. Akifika, anakuta lenta imeshapita.

Hata maji ya kumwagilia zege ni kesi. Upepo wetu mkavu unalikausha kabla halijakomaa, nalo linataka kubaki na unyevu angalau siku saba. Sasa mwambie mama aliyebeba ndoo kichwani kilomita kadhaa kwamba maji yale yanamwagwa kwenye sakafu! Tulizoea kufunika kwa magunia ya katani yaliyoloweshwa, au mchanga mbichi, na ndoo chache zikatosha. Jambo dogo, lakini lazima awepo mtu wa kulisema siku hiyo hiyo.

Ninaomba mawili. La kwanza, fedha za majengo mapya ya mikoa yetu ya kati ziwahi, Julai au Agosti, na zikichelewa kupita Novemba, msingi wa mbugani usubiri Mei. Nafahamu kusubiri ni kugumu kisiasa. La pili, kila kundi la miradi michache liwe na msimamizi wa saiti anayelipwa, fundi sanifu au fomani mzoefu, mwenye daftari la kila siku na mamlaka ya kusimamisha zege. Shimo lisifukiwe kabla hajasaini.

Watu hao wapo. Wengi ni wastaafu wenzangu, wako Chang'ombe, Kikuyu na Nkuhungu, wanashinda kwenye bao. Kwa kuanzia nauli na chakula vitawatosha wengi wao. Ukihitaji majina, msaidizi wako aniulizie kwa mtendaji wa kata hapa Ihumwa. Na kama fedha za mwaka huu zimeshatoka, tafadhali, kabla ya kuuliza mabati yamefika wapi, uliza mashimo.

Wako mtiifu,
Mstaafu wa miradi ya ujenzi
Ihumwa, Dodoma