Ufa wa chumba cha watoto

Utawala, Nairobi
Jumapili usiku

Rehema dada yangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, watoto wamefunga shule, na goti la Mama lina nafuu tangu arudi Kitui. Najua nimenyamaza tangu Pasaka. Nisamehe, mengine tukionana.

Bima ya nyumba inaisha Ijumaa, na silali. Unakumbuka ule ufa uliokuwa kama unywele? Leo nimejaribu sarafu ya shilingi 10, ikazama. Unaanzia kona ya dirisha, unashuka ngazi kwa ngazi ukifuata viungo vya mawe, na mlango siku hizi tunausukuma kwa bega. Ni huu udongo wetu mweusi: ukinywa mvua unavimba, jua likiwaka unasinyaa, nyumba inacheza juu yake.

Ajenti ananiambia niongeze "majanga ya asili", basi. Nimezisoma karatasi zake mara mbili. Mafuriko yapo, tetemeko lipo. Kutitia kwa ardhi na maporomoko hayamo. Ni nyongeza ya kulipiwa kando, na hata hiyo hailipi nyumba mpya inaposhuka kidogo ikikaa kwenye msingi wake, wala ujenzi mbovu. Tangu mvua za 2024, tulivyoona Mathare na South C, kila mtu anauliza mafuriko. Ya chini ya sakafu haulizi mtu.

Tena ameandika bei tuliyonunulia, pamoja na ploti, wakati kinachokatiwa bima ni gharama ya kuijenga nyumba upya. Tunalipia ardhi bure.

Lakini ule ufa. Baba Imani anataka fundi apige plasta kabla mkaguzi wa bima hajafika. Tumegombana, Rehema. Fomu inauliza wazi kama kuna nyufa. Nikiandika hapana, siku ukuta ukianguka watakataa kulipa, na haki watakuwa nayo. Nikisema kweli, huenda wakauacha nje ukuta huo. Na waache. Watoto nimewahamishia sebuleni, na nimechora mstari wa penseli na tarehe pale ufa ulipoishia.

Wewe umeshughulikia madai ya bima miaka yote hiyo. Niambatanishe ripoti ya mhandisi na fomu, au ningoje waombe? Ile sehemu ya hasara ninayobeba mwenyewe, asilimia yake ni ya dai au ya thamani ya nyumba yote? Unamjua mhandisi asiye na haraka? Na Alhamisi jioni unaweza kupita, uongee na Baba Imani? Wewe anakusikiliza.

Wako,
Mwende