Baba, rede haina mwaka wa kuzaliwa

Baba,

Nakuita hivyo kwa kuwa umebeba jina la baba yangu, basi leo kaa kitako unisikilize kama yeye alivyokuwa akinisikiliza.

Nimeisoma kazi yako ya chuo kuhusu historia ya michezo ya Dar es Salaam. Umehangaika, nakiri. Yanga 1935 ipo. Simba kujitenga nao 1936 ipo. Uwanja wa Taifa uliopokea bendera usiku wa Uhuru 1961 upo, na ule wa Mkapa wa watu 60,000 uliofunguliwa 2007. Hata zile sita Simba walizowafunga Yanga Julai 1977 umeziweka, Kibadeni akifunga tatu peke yake. Hiyo ungeniuliza mimi. Babu yako, Yanga wa kufa mtu, alizima redio kabla ya filimbi ya mwisho, akaenda barazani kwenye bao lake la kete, na jioni ile hakuna aliyethubutu kumwambia chakula tayari.

Kurasa nane, baba. Katika kurasa nane hakuna mtoto wa kike hata mmoja anayecheza.

Sasa chukua kalamu. Pale Magomeni, nyuma ya nyumba yetu, tulikuwa na uwanja mpana kuliko kitanda kwa mara nne au tano hivi. Hapo ndipo palipokuwa Taifa yetu. Rede ilitaka watatu tu: wawili wa kurusha, mmoja katikati. Mpira ulikuwa soksi iliyokufa, imejazwa matambara na kufungwa kamba. Wa katikati ana chupa. Anakwepa mpira huku anachota mchanga kwa kiganja na kuijaza, na wale wawili wanarushiana haraka haraka asipate hata nafasi ya kuinama. Ukiguswa, umetoka. Chupa ikijaa hadi mdomoni, una haki ya kuringa mtaa mzima. Usidhani ni mchezo wa kitoto. Ni kiuno, ni macho, ni kujua mrushaji anadanganya kwa bega lipi. Nimeona mabeki wengi pale Taifa ambao kwenye rede wasingefikisha nusu chupa.

Mdako je? Unachimba kishimo, unakijaza kokoto. Jiwe moja unalirusha juu. Kabla halijatua umekwisha zoa mengine kutoka shimoni. Unarusha tena, unayarudisha, unabakiza moja tu nje. Kucha zangu hazikuwahi kuwa safi mpaka nilipoolewa. Na jioni kombolela, wavulana na wasichana pamoja: waliokamatwa wanasubiri mmoja aje alipige teke lile kopo awakomboe. Adhana ya Magharibi ndiyo iliyokuwa filimbi yetu, na refa wake hakuwa anakatiwa rufaa.

Vitu vya kuchezea tulitengeneza wenyewe, tena katika miaka ile ya foleni za sabuni na sukari, baada ya vita vya Uganda. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa gunzi la hindi, nikamfunga kanga ya kipande. Baba yako yeye alikuwa na gari la waya lenye usukani mrefu wa kushika ukiwa umesimama. Matairi aliyakata kwenye kandambili za mama, wakati kandambili zenyewe hazikamatiki dukani. Kipigo alichopata hakimo kwenye kurasa zako nane, na hilo nakusamehe.

Nimejiuliza kwa nini ukaandika vile, nikaona si ubaya wako. Mchezo wenye katibu, mhuri na kiingilio huacha karatasi nyuma yake, na wewe ulienda kutafuta karatasi. Rede haikuwa na katibu. Ilirithiwa na mdogo kutoka kwa dada, na aliyeianzisha Dar simjui, wala bibi yangu hakumjua.

Lakini kuna moja lilikuwa mbele ya macho yako ukalipita. Umeandika kwamba Simba kabla ya kuitwa Simba 1971 ilikuwa Sunderland, na mwanzo kabisa Queens. Wanaume wa Msimbazi, Queens! Kisha ukaweka nukta ukaendelea na safari. Jina hilo limerudi kwa wenyewe, baba: Simba Queens, timu ya wanawake ya Simba, walichukua ubingwa wa CECAFA, wa Afrika Mashariki na Kati, 2022, wakaenda Morocco wakamaliza wa nne Afrika nzima. Mimi nawatazama wale mabinti wanavyokwepa mguu wa adui, nikasema moyoni, huyu amejaza chupa huyu.

Ule uwanja wetu sasa una vyumba viwili vya wapangaji na kibanda cha gemu, ambako vijana wanalipia kwa mechi. Wapo wanaocheza na Yanga humo humo kwenye runinga. Sina ugomvi nao, ila kelele.

Njoo Jumapili kabla hujaipeleka kwa mwalimu wako. Mtaani kwetu mbele ya msikiti bado kuna kipande cha mchanga. Chupa ninayo. Soksi njoo nazo wewe, na uje na dada yako wa kurusha upande wa pili, maana magoti yangu siku hizi ni ya kusimama pembeni tu.

Shangazi yako,
Magomeni